Mto Umba: jinsi algoriti inavyounganisha habari za mafuriko

Algoriti ni utaratibu wa hatua kwa hatua ambao kompyuta huufuata hadi ipate jibu. Zipo zinazokusanya habari kutoka vyanzo mbalimbali, zikazipima na kutoa jibu moja. Kwa mkaazi wa Jego jibu linalotakikana ni hili: je, Mto Umba utafurika usiku wa leo?

Vyanzo vya habari

Umba huanzia milima ya Usambara, Tanzania, ukavuka mpaka na kuingia baharini karibu na Vanga. Mvua inayotufurikisha yaweza kunyesha Lushoto huku Jego jua linawaka. Mvua ya kule hupimwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ya huku na Idara ya Hali ya Hewa Kenya. Angani, setilaiti ya GPM iliyorushwa 2014 hukadiria mvua hata pasipo na kipimo. Sentinel-1, ya mwaka uo huo, huona maji yaliyotanda hata kukiwa na mawingu. Tena kuna jedwali la maji kujaa na kupwa: bamvu likikutana na mto uliofura, maji hukosa pa kwenda.

Namna ya kuunganisha

Kila chanzo kina kosa lake. Mwaka 1960 Rudolf Kalman alichapisha njia ya kukipa kila chanzo uzito kulingana na uhakika wake, njia iliyotumika baadaye katika safari za Apollo za mwezini.

Tuseme kipimo cha mtoni kinasema kina ni mita 3, na kwa kawaida hukosea kwa mita 0.2. Hesabu ya setilaiti inasema mita 4, na hukosea kwa mita 0.4. Kosa la pili ni maradufu ya la kwanza, na kwa kuwa uzito hufuata mraba wa kosa, kipimo cha mtoni hupewa uzito mara nne. Jibu ni mita 3.2. Setilaiti haikutupwa, imesikilizwa kwa kadiri yake. Kipimo kipya kikifika, hesabu husahihishwa.

Kinachokosekana

Algoriti haiunganishi isichopewa. Alama ya maji iliyobaki ukutani ni kipimo, na kumbukumbu ya mzee aliyeona masika mengi ni ushahidi. Visipoandikwa, hupotea. Maji yakiingia, andika tarehe, saa, mahali na urefu wake, hata kama ni hadi magotini. Rekodi kama hizo ndizo zinazoonyesha iwapo utabiri ulisema kweli au ulikosea.

Na jibu likipatikana, lifike kijijini mapema, kwa Kiswahili na Kidigo, kabla watu hawajalala. Onyo linalobaki ofisini halimwokoi mtu wala mbuzi wake.