Masikio Yasiyo na Kope: Historia ya Muziki Uliokera Kariakoo

Waswahili husema kwamba macho hayana pazia, wakiwa na maana kwamba mtu hawezi kuzuiwa kutazama kilicho mbele yake. Lakini jicho angalau limepewa kope, na asiyetaka kuona huweza kulifumba, ilhali sikio halikupewa kitu chochote cha kulifunga. Katika historia ya muziki wa Dar es Salaam, na hasa ya Kariakoo na mitaa inayoizunguka, tofauti hiyo ndogo ya maumbile imekuwa na uzito mkubwa. Historia hiyo imezoea kusimuliwa kwa kufuata waliopendwa, yaani waliojaza kumbi na kuuza kanda, wakati waliochukiwa, ambao sehemu ya wasikilizaji haikuweza hata kuvumilia kuzisikia sauti zao, wameachwa pembeni, ingawa mara nyingi wapendwa na wachukiwa walikuwa ni watu wale wale.

Kariakoo yenyewe ilizaliwa na vita. Jina lake ni matamshi ya Kiswahili ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza kilichopiga kambi hapo baada ya Waingereza kuutwaa mji kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916. Na utawala mpya ulipougawa mji katika kanda tatu, Uzunguni, Uhindini na sehemu ya Waafrika, na kuuacha uwanja wa Mnazi Mmoja uwe kizuizi kati ya hiyo ya tatu na nyingine, Kariakoo ikawa kitovu cha mji wa Waafrika. Nyumba iliyoenea humo ni ile iitwayo nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, baraza mbele na uani nyuma, ambako wapangaji wote hupikia, hufulia na kuogea. Katika nyumba nyingi za namna hiyo dari halikuwapo na kuta za vyumba hazikufika paani, kwa hiyo kikohozi cha mpangaji wa chumba cha kwanza kilisikika chumba cha sita. Mtu aliyeishi humo hakuchagua muziki wake peke yake, kwa maana alichagua sehemu tu, na sehemu iliyobaki alichaguliwa na jirani. Kero ya muziki mjini haieleweki bila ukuta huo usiofika paani.

Ugomvi wa kwanza ulioacha kumbukumbu ni ule wa beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi kwa tarumbeta, gwaride, sare na vyeo vya kubuni, na ambayo baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilienea kutoka pwani hadi bara. Dar es Salaam ilikuwa na vyama viwili vya beni vilivyoshindana, Marini na Arinoti: cha kwanza kilikuwa cha makarani na wengine waliojihesabu kuwa waungwana wa mji, na cha pili kilikuwa cha vibarua na watu wa kipato cha chini. Ala zilikaribiana, mwendo wa gwaride ulikaribiana, na mgeni asingeweza kwa urahisi kueleza ni kitu gani katika sauti ya Arinoti kilichomuudhi mfuasi wa Marini. Kilichomuudhi hakikuwa katika sauti bali katika mtu aliyeipiga, na kanuni hiyo inajirudia katika kila kizazi kilichofuata, kwa majina mapya.

Dansi, yaani muziki wa magitaa na ala za kupuliza ambao mwanamume na mwanamke huucheza kwa kushikana, ulikuta mji umekwisha kuzoea mgawanyiko huo. Bendi za mwanzo zilijiita jazi, neno ambalo hapa halikumaanisha muziki wa Wamarekani weusi bali bendi ya dansi kwa jumla, na nyingi zilibeba majina ya walikotoka waanzilishi wake: Western Jazz, iliyoanza mwaka 1944, ilikuwa ya watu wa magharibi ya nchi, na baadaye zikaja Kilwa Jazz, Rufiji Jazz na Ulanga Jazz. Wazee wengi wa mji waliuona mtindo wa kushikana mbele ya kadamnasi kuwa utovu wa adabu. Vijana wao, kwa upande wao, waliichagua bendi kama mtu anavyochagua ukoo.

Kuna wakati kero ya aina hii iligeuka kuwa amri ya serikali kwa mtindo mzima wa muziki. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, kampeni dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na dawa za kujichubua, ambayo ingeanza kutekelezwa tarehe 1 Januari 1969. Na katika siku zile zile za Oktoba palitokea vurugu Kariakoo, ambapo makundi ya vijana yaliwashambulia wasichana kwa sababu ya mavazi yao. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1969, zamu ikawa ya muziki wa soul, muziki wa Wamarekani weusi ambao vijana wa mjini walikuwa wakiucheza katika madansi: Mkuu wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati ule uliujumuisha mji mkuu, aliupiga marufuku. Waliouchukia waliuita wa kigeni na wa kihuni. Haidhuru kukumbusha kwamba muziki wa Cuba, uliokuwa umelelewa katika magitaa ya bendi za Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka 20 na ambao nao ulitoka ng'ambo, haukuguswa na amri hiyo. Ugeni, basi, haukuwa sababu ya kutosha. Sababu ilikuwa umri wa waliousikiliza na namna walivyovaa.

Hata hivyo hakuna mfano ulio tajiri kama uhasama wa Msondo na Sikinde. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi yake na kuwaajiri wanamuziki kwa mshahara, jambo ambalo lilikuwa geni na ambalo liliigwa haraka na taasisi nyingine za umma. Bendi hiyo ilibadili jina kila jumuiya mama ilipobadilika, kutoka NUTA kuwa JUWATA na baadaye OTTU, lakini wapenzi wake waliijua kwa mtindo wake, Msondo. Mtindo, katika lugha ya dansi, ni jina la mdundo na uchezaji ambao bendi huutangaza kuwa wake peke yake, na ambao aghalabu hudumu kuliko jina la bendi lenyewe. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wa JUWATA, akiwamo mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo aliyekuwa humo tangu kuanzishwa kwake, waliondoka na kwenda kuunda bendi mpya katika baa ya Mlimani Park, ambayo mwaka 1983 ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, na kupata makao katika ukumbi wa shirika hilo uliopo Kariakoo. Mtindo wao waliuita Sikinde. Msondo na Sikinde yote mawili ni majina ya ngoma za jadi za watu wa pwani, na bendi zote mbili, zikiwa na magitaa ya umeme na saksafoni, zilikuwa zinadai urithi ule ule wa vijiji vilivyouzunguka mji.

Wapenzi wa muziki waligawanyika kama walivyogawanyika kwa Simba na Yanga, vilabu viwili vya kandanda ambavyo navyo vina makao Kariakoo. Kilichotokea baadaye ndicho kinachostahili kutazamwa kwa makini. Mwaka 1985 Gurumo aliondoka Sikinde pamoja na Hassan Rehani Bitchuka na wengine, wakajiunga na Orchestra Safari Sound. Bitchuka akarejea Sikinde, na Gurumo hatimaye akarudi Msondo, ambako aliimba hadi uzeeni, na alifariki mwaka 2014. Sauti moja, kwa hiyo, ilipita katika kambi zote. Mpenzi wa Msondo aliyemsikiliza Gurumo kwa mapenzi hadi mwaka 1978 alitakiwa na uaminifu wake aanze kumwona kero mwaka uliofuata, kisha ampokee tena kama mwana aliyepotea, na sauti ya Gurumo yenyewe katika muda wote huo haikubadilika isipokuwa kwa umri. Ushahidi huu unatosha kuiondoa hoja kwamba sikio lina chuki zake lenyewe. Sikio la Kariakoo lilichukia kwa niaba ya kundi, na lilifanya hivyo kwa dhati kabisa: asiyeweza kuustahimili wimbo wa mahasimu hakuwa akijifanya, na uchungu wake alipousikia ukipenya ukuta wa chumba cha jirani ulikuwa wa kweli.

Taarab ya mipasho ilikwenda hatua moja mbele, kwa kuwa ulikuwa ni muziki uliotungwa makusudi ili mtu fulani asiweze kuuvumilia. Taarab ya zamani ya Dar es Salaam, iliyopigwa na vyama kama Egyptian Musical Club na Al-Watan Musical Club kwa fidla, udi na kanuni, nayo ilikuwa na ushindani wake, lakini maneno yake yalivikwa mafumbo, na aliyepigwa kijembe aliweza, akitaka, kujifanya hakuelewa. Mabadiliko yalikuja na vikundi vya sanaa, ambavyo usiku mmoja vilionyesha ngoma, maigizo, sarakasi na muziki kwa kiingilio kimoja. Mwaka 1992, nchi ilipoingia katika mfumo wa vyama vingi, CCM ilianzisha Tanzania One Theatre, TOT, chini ya John Komba, na kikundi hicho kikakabiliana na Muungano Cultural Troupe iliyoongozwa na Norbert Chenga. Malkia wa TOT alikuwa Khadija Kopa kutoka Zanzibar. Wa Muungano alikuwa Nasma Khamis, aliyejulikana kwa jina la Kidogo. Nyimbo zao zilijibizana wiki hadi wiki, fumbo likapunguzwa hadi likabaki utaji mwepesi, na mtindo mzima ukaitwa rusha roho, yaani kuutia moyo wa mwingine wasiwasi na hasira.

Ukumbini kazi ya wimbo ilikamilishwa na wasikilizaji. Desturi ya kutunza, yaani kumpelekea mwimbaji fedha wakati anaimba, iligeuka kuwa namna ya kusema: mwanamke alingoja ubeti unaomfaa, akainuka na noti mkononi, akapita akicheza mbele ya hasimu wake, na kila aliyekuwapo akajua wimbo ni wa nani. Kanda za kaseti zilizouzwa katika maduka ya Kariakoo ziliuhamisha uwanja huo hadi majumbani. Redio kaseti iliyowekwa dirishani na kuelekezwa uani, wakati mpangaji mwenza anapika, ilifanya kazi ile ile inayofanywa na jina la kanga, kwa tofauti kwamba kanga inaweza kutotazamwa. Kuwalaumu Kopa na Nasma kwa kuudhi, kama walivyofanya watetezi wengi wa taarab ya zamani, ni kuwalaumu kwa kuwa mahodari katika kazi waliyoombwa na wasikilizaji wao, na kazi hiyo ilihitaji sauti kubwa, pumzi ndefu na akili nyepesi.

Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo hadi miaka ya 1990 ilikuwa ndiyo sauti pekee ya hewani bara, ilikuwa na mamlaka ya kuamua ni kero gani isifike majumbani. Iliukataa wimbo wa mwanamuziki Remmy Ongala uitwao Mambo kwa Soksi, uliohimiza matumizi ya kondomu wakati ukimwi unaenea, na wimbo huo ukajulikana nchi nzima kwa njia ya kanda na madansi. Mchiriku haukufika hata mlango wa studio hiyo. Muziki huo, uliotokana na ngoma za Wazaramo na kupigwa kwa kinanda kidogo cha Casio kilichounganishwa na spika za honi, pamoja na ngoma na makopo, uliandamana na mikesha ya harusi na unyago katika mitaa ya maskini, na waliouchukia waliuhusisha na bangi, ugomvi na kukosa usingizi. Malalamiko ya usingizi yalikuwa ya haki. Lakini Jagwa Music, kundi la Mwananyamala lililouendeleza mchiriku tangu miaka ya 1990, lilitoa albamu yake Ulaya mwaka 2012 na kupokewa katika matamasha makubwa huko, huku nyumbani vituo vya redio vikiendelea kulipita kimya.

Bongo fleva, muziki wa kizazi kipya, nayo iliitwa muziki wa wahuni kwa miaka isiyopungua kumi, hadi mwaka 2010 mwanamuziki wake Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, alipochaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini, na Joseph Haule, yaani Profesa Jay, alipomfuata kutoka Mikumi mwaka 2015. Kambi za Msondo na Sikinde zilipata warithi: Ali Kiba, aliyekulia Kariakoo, na Diamond Platnumz wa Tandale, ambao mashabiki wao walijipa majina ya timu na kukataa kusikia nyimbo za upande wa pili. Singeli, mtoto wa mchiriku aliyeongezwa kasi kwa kompyuta katika studio ndogo za Mburahati na Manzese, umerithi lawama zote za mzazi wake, na sehemu kubwa ya malalamiko ya leo kuhusu vigodoro, mikesha ya mitaani ya usiku kucha, ni malalamiko juu yake.

Kariakoo yenyewe imebadilika umbo. Nyumba nyingi za Kiswahili zimebomolewa na ghorofa kusimamishwa mahali pake, na ukuta usiofika paani umetoweka pamoja nazo. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015 zimeipa mamlaka ya mazingira kipimo cha desibeli, na baa na kumbi zimefungiwa kwa kipimo hicho. Sauti zimehamia milangoni mwa maduka, ambako spika hutangaza bei za viatu na vitenge juu ya mdundo wa singeli, duka moja likijaribu kulizidi jingine. Na wanaoishi ghorofa za juu za Mtaa wa Kongo huzisikia zote kwa pamoja, tangu maduka yafunguliwapo asubuhi hadi yafungwapo.