Riwaya Iliyopanda Kizimbani

Wilkie Collins alikubaliwa kuwa wakili mjini London mwaka 1851, lakini hakusimamia kesi yoyote. Sheria ilimfaa kwa jambo jingine kabisa. Mwaka 1856, akiwa Paris na rafiki yake Charles Dickens, aliokota kwa muuza vitabu vikuukuu mkusanyo wa kesi maarufu za Ufaransa ulioandikwa na Maurice Méjan. Humo alikuta mkasa wa bibi mmoja wa kikabaila, Madame de Douhault, aliyeleweshwa dawa na kufungiwa katika hospitali ya Salpêtrière kwa jina la bandia, huku mali yake ikirithiwa kana kwamba amekwisha kufa. Alipotoka alikwenda mahakamani kudai kwamba yu hai. Hakufanikiwa.

Mkasa huo ulizaa The Woman in White, riwaya iliyoanza kutoka kwa vipande katika jarida la Dickens, All the Year Round, Novemba 1859. Laura, mrithi wa mali, anaolewa na tapeli. Mumewe na mshirika wake, Count Fosco, wanamzika mwanamke mwingine kwa jina la Laura, na Laura mwenyewe wanampeleka kwenye hospitali ya wendawazimu. Collins aliipanga hadithi kama jalada la kesi: kila shahidi anaitwa kwa zamu, anaeleza alichokiona, kisha anampisha mwenzake. Yumo hata mpishi asiyejua kusoma wala kuandika. Maneno yake yanaandikwa na mtu mwingine, naye anatia alama mahali pa sahihi. Anafuatwa na daktari na cheti chake cha kifo. Kisha linatoa ushahidi jiwe la kaburi.

Hakuna hata mmoja kati ya hao anayesema uongo. Mpishi alimwona mgonjwa, daktari alithibitisha kifo, jiwe likachongwa jina ililopewa. Wote wamenena wanachokijua, na bado Laura anapumua. Waandishi wengi waliomfuata Collins walidhani msimulizi asiyeaminika lazima awe mwongo; yeye aliona mbali zaidi.

Kesi nzima inaning'inia kwenye tarehe. Ikithibitika kwamba Laura aliondoka nyumbani baada ya siku iliyoandikwa kwenye cheti cha kifo, basi aliyezikwa si yeye. Mwaka 1860 mhakiki wa gazeti la The Times alikaa akapiga hesabu ya siku moja baada ya nyingine, akagundua kwamba tarehe za mwandishi zimepishana kwa kiasi cha wiki mbili na hila nzima haiwezekani. Hayo yalikuwa maswali ya dodoso hasa! Collins hakubisha. Alirekebisha tarehe katika toleo lililofuata.

Mwaka 1868 alirudia mtindo ule katika The Moonstone, kisa cha almasi iliyoibwa nyumbani kwa watu wakubwa. Safari hii mashahidi wanajianika wenyewe. Bi Clack, mlokole wa kugawa vijitabu vya dini, anajificha nyuma ya pazia kusikiliza posa ya watu, kisha anatueleza kuwa pale alikuwa akiteswa kama mfia dini. Tena kwa ushahidi wake kalipwa fedha.

Asiyeisoma riwaya hiyo aruke aya hii. Nguo ya kulalia yenye doa la rangi inapatikana mchangani, na jina lililo juu yake ni la yule yule anayekusanya ushahidi, Franklin Blake. Alitiliwa afyuni kwa siri na hakumbuki chochote. Wasomaji wa wakati ule walishtuka kwa sababu nyingine pia: nguo ya kulalia iliyopotea ndiyo iliyotatiza upelelezi wa mauaji ya mtoto katika nyumba ya Road Hill, mwaka 1860. Na katika Uingereza ya siku hizo, mshtakiwa wa kosa kubwa hakuruhusiwa kula kiapo na kutoa ushahidi wa kujitetea. Haki hiyo ilikuja kwa sheria ya 1898. Riwaya ilimpa mshukiwa nafasi ya kusema miaka 30 kabla ya mahakama.

Hata hivyo Collins alikuwa na imani ya wakili: mashahidi wakipangwa vizuri, ukweli utatokeza. Mwaka 1922 Mjapani Ryūnosuke Akutagawa aliiondoa imani hiyo kwa hadithi fupi, Yabu no naka. Maiti ya samurai imekutwa kichakani. Jambazi anasema yeye ndiye aliyemuua. Mjane anasema ni yeye. Marehemu, kupitia kinywa cha mganga, anasema alijiua. Mahakamani tumezoea watu kuikana hatia, hapa wanaigombea. Akira Kurosawa aliichukua hadithi hiyo katika filamu ya Rashōmon ya mwaka 1950, iliyotwaa tuzo kuu ya Venice mwaka uliofuata. Katika filamu hiyo hakimu haonekani wala sauti yake haisikiki. Mashahidi wanaketi chini uani, wanaitazama kamera, na wanajibu maswali ambayo mtazamaji hayasikii.