Gari ni nzima, deni liko

Wengi wetu tulirudi nyumbani na gari iliyopakiwa Antwerp. Tulilipa meli, asiransi tukaiacha: "Gari ni yangu, ikipotea ni hasara yangu." Bahari haihesabu vile.

Wagiriki wa kisiwa cha Rodo walikuwa na sheria ya zamani, nayo ikaingia kwenye kitabu cha sheria cha Kaisari Justinian mwaka 533: mzigo wa mmoja ukitupwa majini ili meli iokoke, wenye mali wote wanachanga kumlipa. Mikutano ya York 1864 na Antwerp 1877 iliipanga upya, na mpaka leo inatumika kwa jina la miji hiyo.

Mwaka 2021 meli Ever Given ilikwama Suez siku 6. Mwenye meli akaiita sheria hiyo. Asiyekuwa na asiransi alidaiwa kuweka pesa kwanza ndipo achukue mzigo wake, hata kama haukuguswa.

Sisi tunaochangiana kwenye kilio tunaielewa sheria hii. Basi, kabla ya kupakia, tuulize: hii asiransi inalipa na "avarie commune", ile hasara ya wote?