Mabati Yaliyosubiri Miaka Minne

Mwaka 2010 baba yangu alinunua mabati 18 katika duka moja mjini Mpanda na kuyaleta nyumbani Katumba kwa mkokoteni wa ng'ombe. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya kuchoma lakini juu ilikuwa nyasi, na kila masika mama alikuwa anahamisha kitanda kutoka kona hii kwenda kona ile kufuata pale pasipovuja. Mabati yale yalitokana na mahindi na tumbaku ya misimu mitatu. Fundi alishapatikana, mbao zilishapasuliwa.

Hayakupandishwa. Yaliegemezwa ukutani nyuma ya kitanda cha wazazi wangu, yakakaa hapo mpaka mwisho wa mwaka 2014.

Sababu yake ni karatasi, na karatasi hiyo ina historia ambayo vijana wengi wa rika langu nje ya Katavi hawajawahi kusimuliwa.

Baba alizaliwa Bururi, kusini mwa Burundi. Mwishoni mwa Aprili 1972 uasi ulizuka upande wa Rumonge na Nyanza-Lac, na serikali ya Micombero ikajibu kwa mauaji yaliyoendelea kwa miezi. Waliolengwa zaidi walikuwa Wahutu, hasa waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi. Makadirio ya waliouawa huanzia watu 100,000 na kwenda juu mpaka 300,000. Sogokuru, baba yake baba, hakuwa amesoma sana, lakini alikuwa na kaka mwalimu, na hilo lilitosha. Waliondoka usiku, wakavuka kuingia Kigoma. Baba alikuwa na miaka 9.

Serikali ya Tanzania iliwapokea na kuwapa ardhi. Ulyankulu, mkoani Tabora, ilianza mwaka 1972. Katumba ikafuata 1973, na Mishamo 1978. Katumba ilikuwa msitu wa miombo kando ya reli inayotoka Kaliua kuja Mpanda. Familia zilipewa kipande cha msitu, majembe, mashoka na chakula cha kuanzia. Baada ya miaka michache chakula cha msaada hakikuhitajika tena, na mahindi na maharage ya Katumba yalikuwa yanauzwa soko la Mpanda. Wenyeji wa mjini walituita wakimbizi na papo hapo wakatuuliza bei ya debe.

Mimi nilizaliwa hapo, kama baba yangu angezaliwa hapo. Burundi niliijua kwa hadithi za Sogokuru. Niliimba wimbo wa taifa wa Tanzania kila asubuhi shuleni, nikajifunza historia ya Azimio la Arusha, nikashabikia timu za Dar es Salaam. Hata hivyo, kusafiri nje ya eneo kulihitaji kibali, kwa kuwa sheria ya wakimbizi ilitutaka tuishi ndani ya makazi tuliyopangiwa. Nilipochaguliwa kidato cha tano mbali na nyumbani, kibali hicho kilikaa kwenye mfuko wa shati kila safari. Mama alikishonea mfuko wa ndani.

Mwaka 2007 likaja jambo ambalo sijui nchi nyingine iliyowahi kulifanya kwa ukubwa ule. Serikali, kwa makubaliano na Burundi na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, iliwauliza watu wapatao 218,000 wa makazi hayo matatu: mnataka kurudi au mnataka kuwa Watanzania? Takriban mmoja kati ya watano alichagua kurudi. Waliobaki waliomba uraia. Tulijaza fomu, tukapigwa picha, tukachukuliwa alama za vidole, tukahojiwa. Hatimaye maombi ya watu zaidi ya 162,000 yalikubaliwa. Siku habari hiyo ilipofika kijijini kwetu, Sogokuru alikaa nje mpaka giza likaingia. Kupata uraia mpya kulimtaka mtu akane ule wa zamani, naye alikuwa ameukana.

Kisha ndipo tukaelewa sharti. Vyeti vya uraia tungepewa baada ya kuhama. Makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu yangefungwa, na sisi tungetawanywa mikoani, katika wilaya tusizozijua, ili tuchanganyike na Watanzania wengine. Kwa kuwa tulikuwa tunahama, tuliambiwa tusijenge nyumba za kudumu wala tusipande miti na mazao ya kudumu. Mkutano ulifanyika wiki mbili baada ya mabati kuletwa.

Naomba msomaji aelewe hoja ya upande wa pili, kwa sababu haikuwa ya kijinga. Serikali iliogopa kuacha watu wa asili moja wamekaa pamoja, wakizungumza lugha yao, kama kisiwa. Taifa hili lilijengwa kwa kuchanganya watu, kupitia shule za bweni, jeshi na uhamisho wa watumishi. Lakini mtumishi anayehamishwa hupewa kwanza barua ya ajira. Sisi tuliambiwa tuhame kwanza, barua ingetufuata.

Kwa hiyo tukawa watu wa katikati. Wakimbizi hatukuwa tena, kwa sababu hadhi hiyo ilikuwa imefika mwisho. Warundi hatukuwa, maana tumeukana uraia huo. Watanzania tulikuwa kwenye orodha, ila orodha haionyeshwi dirishani. Nilimaliza kidato cha sita mwaka huohuo, nikapata nafasi ya kuendelea na masomo. Katika ofisi moja niliulizwa uthibitisho wa uraia. Nilieleza habari ya Katumba tangu mwanzo. Karani alinisikiliza mpaka mwisho, kwa upole kabisa, kisha akasema, "Mdogo wangu, hapa fomu ina visanduku viwili tu. Wewe nikuweke wapi?" Sikuwa na jibu. Nafasi ile ikapita, nikarudi kulima.

Oktoba ile nchi ilipiga kura. Kampeni zilipita Mpanda na magari yenye spika, nyimbo na khanga. Kwetu hazikufika kwa kishindo hicho, na ni rahisi kujua kwa nini: mtu asiye na kadi ya mpiga kura hana kitu ambacho mgombea anakihitaji. Nchi iliongozwa na Rais Kikwete, na Waziri Mkuu wake, Mizengo Pinda, alikuwa mtu wa Mpanda. Tulikuwa tunasema kwa utani kwamba serikali ipo jirani kuliko kisima.

Mwaka 2012 mkoa wa Rukwa uligawanywa, Katavi ukazaliwa. Tuliambiwa tungehamia mkoa mwingine, na kweli, tukaamka mkoa mwingine bila kufunga hata godoro.

Miaka hiyo nilikuwa na hasira, na nilidhani ni hasira ya kwetu peke yetu. Aliyenisahihisha ni mzee mmoja Mkonongo tuliyekuwa tukimuuzia maharage. Nilimwamkia, akaitika, akaniuliza kwa nini siku hizi nina uso wa mtu aliyeibiwa. Nikamweleza. Alicheka kidogo.

"Mjukuu wangu, ninyi mmehamishwa mara ngapi?"

"Mara moja, babu. Na hii wanayotaka ni ya pili."

"Basi bado wageni."

Akanihesabia. Miaka ya 1920, wazazi wake waliondolewa porini kwa amri ya Mwingereza kwa sababu ya malale. Serikali ya kikoloni iliwakusanya watu wa nyika hizi katika makazi makubwa ili mbung'o wabaki na msitu wao. Nyuma ya watu, pori likafunga njia, na sehemu nyingi zikageuka mapori ya wanyama. Wapimbwe wanaijua hadithi hii vizuri zaidi. Mkwaju wa Katabi, ambao watu wameupelekea sadaka kwa vizazi, leo umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa 1974 na kupanuliwa miaka ya 1990. Mzee mwenyewe alihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ileile ambayo babu yangu alikuwa anakata miti Katumba. Aliacha miembe saba na makaburi mawili.

"Mimi nilikuwa raia," akasema. "Niliimba TANU. Lori halikuniuliza."

Nilirudi nyumbani nikifuata reli, na kwa mara ya kwanza niliitazama kama habari ya kusoma. Reli hii ya kilometa 210 ilifika Mpanda mwaka 1950, na haikuletwa kwa ajili ya abiria. Ililetwa kuchukua madini ya risasi ya kampuni ya Uruwira. Mwaka 1960, miaka 10 tu baadaye, mgodi ulifungwa. Reli haikung'olewa. Wakulima wakapakia magunia, akina mama wakapakia ndizi na samaki wakavu, wanafunzi wakalala kwenye korido. Kwa miaka mingi, masika yalipoharibu barabara, treni ile ndiyo iliyobaki njia yetu ya kutokea.

Nikaona kwamba huku kwetu mambo mengi yamepangwa mahali pengine, kwa sababu za watu wengine, kwa muda mfupi. Kisha wenye mpango huondoka, na wanaobaki hugeuza kilichobaki kuwa maisha. Katumba nayo ilipangwa iwe ya muda. Iligeuka nyumbani kwa sababu watu walizika wazazi wao hapo. Sera ya kuhamisha ilikuwa na bajeti, ramani na majina ya mikoa, lakini haikuwa na safu ya makaburi.

Sera hiyo ilikwama. Agosti 2011 ilisimamishwa, ikafufuliwa, ikakwama tena. Fedha hazikutosha, na baadhi ya viongozi wa sehemu zilizotakiwa kutupokea hawakuwa tayari. Sisi hatukuwa tukiambiwa. Tulisikia redioni, au kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Mwaka 2012 Tume ya Jaji Warioba ilizunguka nchi ikikusanya maoni ya wananchi kuhusu Katiba mpya. Nilikuwa na maoni. Sikuwa na uhakika kama nilikuwa mwananchi. Mwaka 2013 operesheni ya kuondoa wahamiaji haramu ikapita Kagera, Geita na jirani zetu Kigoma, na Sogokuru akaanza kulala na kile kipande cha karatasi cha usajili chini ya mto.

Jambo lililotuumiza zaidi halikuwa kusubiri. Ilikuwa kutakiwa kushukuru wakati tunasubiri. Kila aliyenyanyua mkono kuuliza alijibiwa kwamba tulipewa ardhi, tulipewa amani, nchi gani nyingine ingefanya hivyo. Yote hayo ni kweli, na sitayakana. Lakini shukrani ikidaiwa kila unapouliza swali, inageuka kuwa kitu cha kukuziba mdomo. Nimewaona tangu hapo Watanzania wa kuzaliwa wakijibiwa vivyo hivyo. Anauliza barabara, anakumbushwa amani. Anauliza dawa, anaambiwa aangalie nchi jirani. Nikamkumbuka mzee Mkonongo na miembe yake saba.

Tarehe 8 Oktoba 2014, Dodoma, Rais alikabidhiwa Katiba Inayopendekezwa kwa sherehe kubwa. Siku chache baadaye, mkoani Tabora, Rais huyohuyo alianza kuwakabidhi vyeti watu wetu, bila sharti la kuhama. Ile Katiba mpaka leo haijapigiwa kura ya maoni. Vyeti vyetu vilitufikia. Sogokuru alikufa mwezi Julai mwaka ule. Kwenye orodha alikuwa Mtanzania, mkononi hakuwa na kitu.

Baba alipopata cheti chake hakukiweka fremu. Alimwita fundi. Mabati mawili ya chini yalishaota kutu pale yalipogusa sakafu, na kwa kuwa nyumba ilishaongezwa chumba, 16 hayakutosha. Bei ilikuwa imepanda. Upande wa jikoni ukabaki nyasi mwaka mwingine mzima. Mwaka 2015 tuliandikishwa, na Oktoba tukapiga kura. Baba alifika kwenye foleni kabla hakujapambazuka. Sikumuuliza alimpigia nani. Mwaka huohuo nilianza masomo ambayo ningeyaanza 2010, darasani nikiwa na watu walioniita kaka.

Siku hizi naishi mjini, na baba hunipigia simu jioni, vocha ikiruhusu. Mwezi uliopita alinisimulia mkutano wa kijiji. Alikuwa amesimama kuuliza kwa nini zahanati haina dawa ilhali wanachangia. Kijana mmoja nyuma akapaza sauti: "Kaa chini, mkimbizi wewe!" Watu wengine wakacheka.

"Ukafanya nini, baba?"

"Sikukaa."

Alirudia swali lake, neno kwa neno, na safari hii akaongeza kwamba anasubiri jibu akiwa amesimama kwa sababu miguu yake imezoea. Mwenyekiti akafungua daftari, akatafuta ukurasa, akaeleza habari ya mgao uliochelewa na barua iliyoandikwa wilayani.

"Alikujibu vizuri?"

Baba akafikiri. Nyuma yake nilisikia mvua ikianza kupiga juu ya bati, ikabidi apandishe sauti.

"Vizuri, hapana," akasema. "Lakini alinijibu."