Mto Upitao Chini ya Mji

Leo tunawaomba mfuatane nasi hadi nchi ya Italia, katika mji wa Tivoli ulio vilimani, mwendo wa kilomita 30 hivi mashariki ya Roma.

Tulipoingia katika bustani ya Villa d'Este, tulisikia maji kabla ya kuyaona. Bustani iko mtelemkoni, nasi tulishuka ngazi baada ya ngazi. Hapa maji yarushwa juu angani. Pale yamwagika kama pazia. Kando ya njia moja yenye urefu wa mita 100 hivi, yabubujika safu juu ya safu. Mahali hapo huitwa Chemchemi Mia Moja.

Mwenye kuianzisha alikuwa Kardinali Ippolito d'Este, mtu wa ukoo mkubwa na mali nyingi. Aliutamani sana upapa, asiupate. Mwaka 1550 Papa Julius wa Tatu alimfanya gavana wa Tivoli, na hapo akaamua kujenga bustani isiyo na mfano. Aliyeichora ni Pirro Ligorio. Nyumba za watu zilibomolewa ili kupata nafasi, na baadhi ya wenyeji wakaenda mahakamani kudai haki yao. Kisha mafundi wakachimba mfereji chini ya mji wenyewe, kuyaleta maji ya mto Aniene. Hapakuwa na mashine ya kuyasukuma. Mto uko juu, bustani iko chini. Maji yalishuka kwa uzito wake yenyewe.

Kardinali alifariki Desemba 1572, kabla kazi haijakwisha.

Ajabu kubwa ya bustani hiyo ni kinanda kinachopigwa na maji. Maji yaangukayo huisukuma hewa iingie katika filimbi za kinanda, na nguvu yake hiyo hiyo huzungusha gurudumu linalobonyeza vibao. Lakini katika karne ya 18 bustani ilitupwa. Mifereji haikutunzwa, sanamu za kale ziliuzwa, kinanda kikanyamaza. Kilitengenezwa upya, kikasikika tena mwaka 2003.

Ndugu zangu, tuangalie jambo hili. Miaka yote ile ya ukimya, mto Aniene haukukauka. Ulikuwa ukipita kama kawaida. Kilichoharibika ni njia ya maji na vyombo vyake.

Mtungaji wa muziki Franz Liszt aliishi hapo mara nyingi katika uzee wake. Mwaka 1877 alitunga muziki wa kinanda juu ya chemchemi hizo, na katikati ya kurasa zake akaandika neno la Yohana 4:14. Hilo ndilo neno ambalo Bwana Yesu alimwambia mwanamke Msamaria, juu ya maji yanayobubujika ndani ya mtu hata uzima wa milele.

Tazameni tofauti. Kardinali alibomoa nyumba ili maji yampe sifa. Bwana wetu aliketi kisimani amechoka, akaomba maji ya kunywa kwa mwanamke aliyekuja peke yake saa ya jua kali. Hakumwondoa mahali pake. Alimpa bure.

Basi tujiulize. Kanisa letu laweza kuwa na jengo zuri na kwaya yenye sauti tamu. Lakini mfereji usioonekana u hali gani? Yako wapi maombi ya sirini? Je, tumepatana na jirani tuliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba? Na je, katika kuipamba nyumba ya Mungu, tumemwonea mtu yeyote? Kinanda kikinyamaza, tusiulaumu mto. Tushuke, tukazibue mfereji.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe hukukauka kamwe. Ondoa ndani yetu yote yaliyoziba njia yako, ili maji yako yamfikie na yule mwenye kiu aliye karibu nasi. Amina.