Ng'ombe na mkato wake

Kile kialama cha ng' kinaitwa ritifaa, na kwenye simu nyingi kimejificha ukurasa wa pili wa kibodi. Ndiyo maana ng'ombe wengi siku hizi hutembea bila ritifaa. Dawa ipo: kwenye mipangilio ya kibodi, weka "ngombe" kama mkato na "ng'ombe" kama neno kamili. Kwenye baadhi ya simu, ukigusa nafasi, simu inarekebisha yenyewe. Mimi nimeweka hata "sana" igeuke "sana" ileile, baada ya simu kumwandikia shangazi "Asante Santa".

Ila "ngoa" iache. Hilo ni neno kamili, maana yake wivu. Ukiliwekea mkato, "analia ngoa" itatoka "analia ng'oa", na shangazi atauliza: jino lipi?