Ureno kwa Njia ya Dhahabu ya Kilwa

Katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, mtaa wa Janelas Verdes jijini Lisbon, kuna monstransi ya dhahabu iliyokamilika mwaka 1506. Monstransi ni chombo ambacho Wakatoliki huwekea Hostia takatifu ili waumini waiabudu. Kimo chake hakifiki mita moja, lakini kazi iliyomo ndani yake ingetosha kujaza kanisa zima. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuizunguka Hostia, mmoja mmoja na sura yake. Juu yao zimesimama nguzo nyembamba kama sindano, na chini kitako kimetapakaa ndege, konokono na maua. Kazi hii inahusishwa na sonara Gil Vicente. Kwenye ukingo wa kitako yamezunguka maandishi ya Kireno yanayoeleza kwamba mfalme Manuel wa Kwanza ndiye aliyeamuru chombo kitengenezwe, na kwamba dhahabu yake ilitoka katika kodi ya Kilwa.

Ni Kilwa Kisiwani, ile ya Lindi, ambayo mtu huvuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda kuona Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa. Jina lake limeandikwa kwenye monstransi ile, na limedumu kwa zaidi ya miaka 500.

Wageni wengi huanza ziara ya Ureno kwenye Mnara wa Belém au ndani ya tramu za njano zinazopanda vilima vya Lisbon. Aliyelelewa pwani ya Afrika Mashariki, au anayeijali historia yake, ningemwomba aanzie mbele ya monstransi hii, kisha aizunguke nchi akiwa na Kilwa moyoni. Ureno ni nchi nzuri, na ni ndogo kiasi kwamba siku kumi zinatosha kuonja kaskazini na kusini. Ila sehemu ya utukufu inaouonyesha wageni ilijengwa kwa mali ya watu wengine, na sisi tunawajua baadhi yao kwa majina.

Dhahabu yenyewe haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka bara, kwenye nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa hadi bandari ya Sofala ambayo masultani wa Kilwa waliisimamia kwa muda mrefu. Biashara hiyo ndiyo iliyoipa Kilwa makuba ya mawe ambayo mabaki yake tunayaona hadi leo. Julai 1502 baharia wa Kireno Vasco da Gama, akiwa katika safari yake ya pili ya India, alitia nanga mbele ya mji huo na kundi la merikebu zenye mizinga. Amir Ibrahim, aliyekuwa akitawala, aliambiwa achague: akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kodi, au mji upigwe mizinga. Alilipa mithqali 1,500 za dhahabu, uzito unaokadiriwa kupita kilo 6. Mwaka uliofuata da Gama akarudi nayo Lisbon.

Kodi hiyo haikuinunulia Kilwa usalama. Julai 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, alifika na jeshi, mji ukaporwa, Amir Ibrahim akakimbia, na Wareno wakajenga ngome. Mwezi uliofuata wakaichoma Mombasa. Kwa hiyo mwaka ambao monstransi ilikamilika, mji ulioitolea dhahabu ulikuwa umekwisha kuvamiwa na kuwekewa mtawala mwingine. Mwaka 1512 Wareno waliiacha ngome yao ya Kilwa, lakini biashara ya Sofala haikurudi tena kuwa kama zamani.

Kutoka makumbusho hadi Belém ni mwendo mfupi wa tramu kuelekea magharibi, ukifuata mto Tejo. Hapo ndipo ilipo Monasteri ya Jerónimos, iliyoanza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16 na kuchukua takriban karne nzima. Gharama zake zililipwa kwa sehemu kubwa na ushuru wa asilimia 5 uliotozwa bidhaa zilizotoka Afrika na Mashariki, hasa viungo. Mawe ni ya chokaa nyeupe ya Lisbon, na jua la jioni huyafanya yaonekane ya dhahabu. Ndani ya kanisa nguzo zimepanda juu na kufunguka mithili ya minazi, na hapa sioni haya kusifu: waashi walioinua dari lile bila msitu wa nguzo katikati walikuwa mafundi wa hali ya juu. Mfalme Manuel aliirithisha monasteri hii monstransi ya Kilwa, nayo ikakaa humo hadi mashirika ya watawa yalipovunjwa nchini mwaka 1834. Karibu na mlango lipo kaburi la Vasco da Gama, na mkabala wake la mshairi Luís de Camões. Mifupa ya da Gama ililetwa hapa katika karne ya 19. Kabla ya hapo alizikwa Vidigueira, katika jimbo la Alentejo, ambako alikuwa na cheo cha ukabaila.

Wengi hupiga picha kaburini wakaondoka. Nakusihi uingie pia Makumbusho ya Bahari, yaliyo katika ubavu wa magharibi wa monasteri hiyohiyo. Kuna sanamu ya mbao ya Malaika Rafaeli iliyosafiri na da Gama katika safari ya kwanza, ndani ya merikebu São Rafael. Wakati wa kurudi, mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye, na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote. Januari 1499 waliiteketeza São Rafael kwa moto katika pwani ya Tanga. Sanamu ikaokolewa. Kipande hicho cha mti kimeyaona maji ya Mombasa, ambako Wareno hawakuaminika, na ya Malindi, ambako walipokewa na kupewa rubani wa kuwavusha hadi India. Malindi nayo ina kumbukumbu yake: msalaba ulio juu ya nguzo ya da Gama pale ufukweni umechongwa kwa jiwe lililoletwa kutoka Lisbon.

Mnara wa Belém wenyewe uko hatua chache mbele, umeingia mtoni, na ulikuwa ukilinda lango la jiji. Kabla ya kuufikia utapita Mnara wa Ugunduzi, wenye umbo la merikebu na safu ya mabaharia wa mawe. Huo ulijengwa kwa saruji na mawe mwaka 1960, wakati wa udikteta, kuadhimisha miaka 500 tangu kufa kwa mwanamfalme Henrique, mdhamini wa safari za baharini. Waliogunduliwa hawamo kwenye sanamu zile. Upite, uutazame, uendelee.

Lisbon ya da Gama kwa kiasi kikubwa haipo tena. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, ardhi ilitetemeka. Kisha bahari ikapanda mtoni, na moto ukawaka kwa siku kadhaa. Makumi ya maelfu walikufa. Ikulu iliyokuwa ukingoni mwa mto iliangamia, na pamoja nayo nyaraka nyingi za Nyumba ya India, ofisi iliyosimamia biashara ya Ureno na nchi za ng'ambo. Nadhani hapo palipotea mengi kuhusu pwani yetu ambayo hayatapatikana popote. Waziri Marquês de Pombal akaujenga upya mtaa wa Baixa kwa barabara zilizonyooka na nyumba zenye fremu za mbao ndani ya kuta, ili zihimili tetemeko jingine. Kanisa la watawa wa Carmo, kilimani, liliachwa bila paa. Matao yake yamesimama wazi juu ya majani mabichi, na ni mahali pa kukaa kwa muda mrefu.

Lakini uwanja ulio mbele ya kanisa hilo una historia nyingine, na kwa Mtanzania ndio uwanja muhimu kuliko yote Lisbon. Tarehe 25 Aprili 1974, Waziri Mkuu Marcelo Caetano alijificha katika kambi ya askari iliyo hapo Carmo, akazingirwa na wanajeshi walioongozwa na kapteni Salgueiro Maia, na jioni akasalimu amri. Wanajeshi wale walikuwa wamechoshwa na vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji ambavyo vilikuwa vimedumu miaka 13. Frelimo, iliyopigania uhuru wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, wapiganaji wake walifunzwa Kongwa na Nachingwea, na kiongozi wake Eduardo Mondlane aliuawa Dar es Salaam mwaka 1969. Vijana wa Kireno waliochomekewa maua ya karnesheni kwenye mitutu ya bunduki siku ile walipata uhuru wao kwa sababu, pamoja na mambo mengine, Waafrika walikataa kuacha kupigania wa kwao. Mwaka mmoja na miezi miwili baadaye Msumbiji ikawa huru.

Kaskazini nitakwenda kwa haraka. Tomar, takriban saa mbili kwa treni, ina Monasteri ya Kristo, iliyoanza kama ngome ya mashujaa wa Hekalu (Templari) mwaka 1160. Dirisha lake maarufu limechongwa kamba, minyororo na matumbawe ya baharini, ingawa mji wenyewe uko mbali na bahari. Shirika la Kristo lililorithi ngome hiyo liliongozwa na Henrique na baadaye na Manuel, na msalaba wake mwekundu ndio uliokuwa kwenye matanga yaliyoonekana Malindi mwaka 1498. Coimbra ina chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1290 na maktaba ya karne ya 18 ambamo popo hula wadudu waharibifu wa vitabu usiku, huku meza zikifunikwa kwa ngozi. Porto ina stesheni ya São Bento yenye vigae takriban 20,000 vya buluu na vyeupe vinavyosimulia historia ya nchi ukutani. Kila mmoja wa miji hii unastahili siku zake.

Moyo wangu, hata hivyo, uko kusini, na hasa Mértola.

Hakuna treni ya kufika huko. Utapanda basi au utaendesha gari kupita mashamba ya ngano na misitu ya mialoni inayobanduliwa magome ili kutengeneza vizibo, hadi utakapouona mji mdogo mweupe ukining'inia juu ya mto Guadiana. Waislamu waliingia rasi ya Iberia mwaka 711, na kusini mwa Ureno ya leo kulibaki chini yao kwa zaidi ya karne 5. Mértola ilikuwa bandari yao, kwa kuwa vyombo viliweza kupanda mto hadi hapo. Mashujaa wa Shirika la Santiago waliuteka mji mwaka 1238, na msikiti uliokuwa umejengwa karne ya 12 ukageuzwa kanisa. Haukubomolewa. Ukiingia leo utakuta madhabahu na sanamu za Bikira Maria, na nyuma ya madhabahu, mihrabu. Imo ndani ya ukuta, na plasta yake bado ina nakshi. Milango midogo ina matao ya umbo la kwato la farasi. Ukilitazama jengo kwa nje, mapaa na minara yote ni ya kanisa. Ukisimama ndani na kufuata nguzo kwa macho, unaona safu za wasalio.

Tangu mwaka 1978 wanaakiolojia, mwanzoni wakiongozwa na Cláudio Torres, wamechimba mji huu, na mabakuli na mitungi waliyoipata imewekwa katika makumbusho madogo yaliyotawanyika mitaani. Kila baada ya miaka miwili, mwezi Mei, mji hufanya tamasha la Kiislamu na vichochoro vikajaa wafanyabiashara kutoka Morocco. Mtu aliyetembea Lamu au Mji Mkongwe atazitambua chokaa, njia nyembamba na kuta zisizoonyesha yaliyo ndani. Hapa Ureno inakubali kwamba ilikuwa na baba zaidi ya mmoja. Natamani makumbusho ya Belém yajifunze kutoka Mértola namna ya kuacha mambo mawili yasimame kwenye ukuta mmoja.

Baada ya hapo teremka Algarve hadi Lagos, mwisho wa reli. Wengi huenda kwa ajili ya fukwe na miamba ya rangi ya asali, na ni kweli inapendeza. Nenda kwanza Soko la Watumwa, karibu na ngome. Agosti 1444 watu 235 waliotekwa pwani ya Afrika Magharibi waliteremshwa Lagos wakagawanywa hadharani, mama akitengwa na mwanawe. Aliyeandika hayo ni Zurara, mwandishi wa historia wa ikulu, mtu aliyempenda Henrique, na hata yeye hakuweza kuficha kilio chao. Henrique alikuwepo, juu ya farasi, akachukua sehemu yake ya moja ya tano: watu 46.

Mwaka 2009, wakati wa kuchimba maegesho ya magari ya chini ya ardhi nje ya kuta za mji, ilifukuliwa mifupa ya Waafrika zaidi ya 150 waliotupwa jalalani kati ya karne ya 15 na 17, watoto wakiwemo. Maegesho yalijengwa yakamalizika. Jengo la soko sasa ni makumbusho ya utumwa, madogo, ya vyumba viwili tu, na utayamaliza kwa chini ya saa moja usipokuwa mwangalifu. Soma kila kibao. Ukimaliza, toka nje, ufuate ukuta wa mji upande wa magharibi, na uulize yalipo maegesho yale.